Krispi za Muhogo: Mteja Wako Anakula Nini Ndani ya Pakiti?



Siku hizi kijana akishavuna muhogo wake hasubiri tena dalali wa kupima kwa jicho. Ananunua mashine ndogo ya kukata, karai, mtungi wa gesi na mashine ya kuziba pakiti, anaanza krispi. Hilo nalipenda. Muhogo mbichi ukikaa siku mbili tatu baada ya kung'olewa unaanza kuweka michirizi ya bluu na nyeusi ndani, na hapo bei imekufa. Krispi ikifungwa vizuri inakaa wiki kadhaa na inasafiri mpaka Kariakoo bila presha.

Lakini kuna swali ambalo wengi wenu mnalijibu haraka mno: krispi ya muhogo ina faida gani mwilini? Mteja akiuliza, anaambiwa "hii ni ya asili, ni ya afya, haina sukari, hata mwenye kisukari anakula." Nimeshaletewa pakiti ofisini ina maneno ya namna hiyo kwa herufi kubwa, na nyuma hakuna hata uzito. Leo tulijibu swali hili kwa hesabu, maana mteja wa sasa anasoma lebo, mkaguzi naye anasoma.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Hapa sizungumzii makopa, yaani vipande vilivyokaushwa juani kwa ajili ya unga. Sizungumzii pia ile mihogo minene ya kukaanga inayouzwa jioni na kachumbari na pilipili. Nazungumzia vile vipande vyembamba kama karatasi ngumu, vilivyokaangwa mpaka vikakauka na kufungwa kwenye pakiti.

Muhogo mbichi una nini?

Chukua gramu 100 za muhogo mbichi uliomenywa. Karibu gramu 60 ni maji. Wanga ni kama gramu 38. Protini ni gramu 1 na kidogo tu, mafuta hayafiki hata nusu gramu, na nyuzinyuzi ni karibu gramu 2. Nguvu yake ni kama kilokalori 160. Kuna vitamini C kama miligramu 20 na potasiamu ya kutosha. Madini ya chuma na zinki ni machache sana.

Kwa hiyo muhogo ni chakula cha nguvu. Babu zetu waliujua hivyo, ndiyo maana waliula na samaki, na kunde, na kisamvu, na karanga. Muhogo unatoa nguvu, na mboga inatoa kile ambacho muhogo hauna. Kosa linaanza tunapoutoa muhogo kwenye sinia lenye mboga, tukauweka peke yake ndani ya pakiti, halafu tukauita lishe kamili.

Ukishaukaanga, kinachobadilika ni nini?

Kukaanga kunafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: maji yanatoka, mafuta yanaingia. Kipande kilichokuwa na maji asilimia 60 kinabaki na maji kama asilimia 3. Nafasi ile inachukuliwa na mafuta, na krispi nyingi zinaishia kuwa na mafuta kati ya asilimia 20 na 35 ya uzito wake.

Tuchukue pakiti ya gramu 50 yenye mafuta asilimia 30. Ndani yake kuna:

- mafuta gramu 15, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chakula;
- wanga kama gramu 30;
- protini kama gramu 1;
- nyuzinyuzi kama gramu moja na nusu;
- nguvu kama kilokalori 260.

Hizi ni hesabu za kukusaidia kuelewa. Usizichape kwenye lebo yako. Lebo inataka vipimo vya maabara vya bidhaa yako mwenyewe.

Sasa angalia vizuri. Kilokalori 260 ni sawa na kula gramu 160 hivi za muhogo wa kuchemsha, yaani kipande kizuri cha kushiba asubuhi na chai. Lakini pakiti ile mtu anaimaliza kwenye daladala kabla hajafika kituo cha pili, na akishuka bado ana njaa. Zaidi ya nusu ya nguvu ile imetoka kwenye mafuta, wala siyo kwenye muhogo uliolima.

Vitamini C nayo usiitegemee. Inayeyuka kwenye maji na inaharibika kwa joto. Ukiosha, ukiloweka na kukaanga, kinachobaki hakistahili kutangazwa.

Tulinganishe na karanga za kukaanga, maana zinauzwa meza moja na krispi. Gramu 50 za karanga zina nguvu karibu kilokalori 290, haziko mbali na krispi. Lakini zina protini kama gramu 12 au 13. Yai moja la kuku lina kama gramu 6. Krispi yako ina gramu 1. Mama anayemnunulia mtoto wa shule pakiti ya saa nne akiamini amempa mlo amepata nguvu ya kukimbia uwanjani, ila kitu cha kumjenga mtoto mwili hajapata.

Sisemi krispi ni mbaya. Ni kitafunwa, na kitafunwa kina nafasi yake. Kwa mtu mzima anayefanya kazi ya nguvu, au mtoto anayekula vizuri nyumbani, pakiti moja haina shida. Shida ni kuiuza kama kitu kisichokuwa.

Sumu: hapa msikilize kwa makini

Kila mkulima wa muhogo anajua kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Ndani ya muhogo kuna kiini kinaitwa linamarini. Muhogo ukikatwa, ukisagwa au ukitafunwa, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichomo humohumo ndani ya mmea, inavunjika, na sayanaidi inatoka. Ganda lina sumu nyingi kuliko nyama ya ndani, ndiyo maana ganda la ndani lile nene lazima litoke lote.

Wengi mnaamini moto wa mafuta unamaliza kila kitu. Hapana. Njia za asili za kuondoa sumu, kama kuvundika, kuloweka siku kadhaa au kukuna na kukamua, zinafanya kazi kwa sababu zinampa kile kimeng'enya muda wa kuvunja linamarini, halafu sayanaidi inapotea hewani au inaondoka na maji. Mafuta ya moto yanaua kimeng'enya ndani ya muda mfupi sana. Linamarini yenyewe inavumilia joto, kwa hiyo sehemu yake kubwa inabaki ndani ya kipande.

Kuna jambo la pili, la hesabu tu. Kupata kilo 1 ya krispi unatumia karibu kilo 1.8 ya muhogo uliomenywa. Maji yameondoka, sumu imejikusanya kwenye uzito mdogo. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinauita muhogo "mtamu" kama sayanaidi yake iko chini ya miligramu 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Kama muhogo wako uko kwenye 50 na hakuna sumu iliyotoka njiani, krispi yake itafika miligramu 90 kwa kilo. Sasa linganisha: mwaka 2008 Australia na Nyuzilandi ziligundua krispi za muhogo zenye sayanaidi nyingi kuliko ilivyotarajiwa, zikaweka kikomo cha miligramu 10 kwa kilo ya krispi iliyo tayari kuliwa. Kumi, dhidi ya tisini. Maana yake ni kwamba kuitwa "mtamu" peke yake hakukutoshi. Unahitaji muhogo wenye sumu ndogo kabisa, na unahitaji kuushughulikia kabla haujaingia kwenye mafuta.

Tusitishane bure. Mtu mzima mwenye afya hataugua kwa pakiti moja ya krispi ya muhogo mtamu. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona, unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo, huku protini ikiwa haba. Tanzania tunaujua: mwaka 1985, wakati wa ukame, uliwapata watu wilayani Tarime, na waliougua zaidi walikuwa watoto na akina mama. Njaa iliwafanya wakatishe siku za kuandaa muhogo. Kwa hiyo usije ukanunua muhogo wa bei ya kutupa bila kujua ni mbegu gani, ukawauzia watoto kila siku ya shule.

Mambo ya kufanya:

1. Lima au nunua mbegu tamu unayoijua jina. Huku Pwani wakulima wengi wanaijua Kiroba kwa utamu wake. Kanda nyingine waulizeni maafisa ugani wenu au vituo vya TARI vinavyoshughulika na muhogo, kama Kibaha, Naliendele na Ukiriguru.
2. Usichanganye shamba. Mstari mmoja wa muhogo mchungu katikati ya Kiroba unatosha kuharibu mzigo wote.
3. Mwaka wa ukame kuwa mkali zaidi. Mmea ukikosa maji, sumu inapanda hata kwenye mbegu tamu.
4. Onja kipande kidogo kutoka kwenye mizizi kadhaa ya kila mzigo, tema. Ukisikia uchungu, mzigo huo usiwe krispi. Kumbuka ulimi unasaidia kukataa tu, hautoi cheti.
5. Baada ya kukata, loweka vipande kwenye maji mengi na uyamwage, au vichemshe dakika chache kwenye maji mengi, mwaga, kisha chuja vikauke. Linamarini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo maji mengi yanaondoka na sehemu yake.
6. Peleka sampuli ya krispi iliyokwisha kukaangwa ikapimwe sayanaidi kabla hujaingia soko kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha krispi za muhogo, na TBS watakuonyesha kinachotakiwa.

Mafuta: afya ya mteja na mfuko wako

Hapa ndipo vijana wajanja wananibana. Wanasema, "Bwana shamba, mafuta yanaongeza uzito. Krispi ikinywa mafuta, mimi nauza gramu nyingi." Hoja ni ya kweli, kwa hiyo tuipigie hesabu.

Chukua kilo 100 za muhogo na maganda yake. Ukimenya na kukata vichwa na mikia, unabaki na kilo 75 hivi. Ukitoa maji, kilicho kigumu ni kama kilo 28 na nusu.

Krispi zako zikinywa mafuta asilimia 35, utapata krispi kilo 46, na ndani yake kilo 16 ni mafuta. Zikinywa asilimia 25, utapata krispi kilo 39 na nusu, na mafuta ni karibu kilo 10. Umepoteza uzito wa kilo 6 na kitu, na umeokoa mafuta kilo 6.

Ukiuza kwa kilo, yule mwenye mafuta mengi anaonekana mshindi. Lakini nyinyi hamuuzi kwa kilo, mnauza pakiti. Mteja wa dukani anaangalia pakiti imejaaje, anahesabu vipande kwa macho. Pakiti ya gramu 46 yenye mafuta mengi na pakiti ya gramu 40 yenye mafuta machache zina vipande vilevile vya muhogo. Kwenye kilo 100 zile, ya kwanza inakupa pakiti 1,000. Ya pili inakupa pakiti 990. Tofauti ni pakiti 10 tu, na umebaki na kilo 6 za mafuta kwenye dumu. Andika "gramu 40" wazi, uza kwa bei ileile ya soko kwa pakiti ya namna hiyo, na mteja wako amekula gramu 10 za mafuta badala ya 16. Nguvu ya pakiti inakuwa kama kilokalori 200.

Kuna faida nyingine. Krispi yenye mafuta mengi inachacha mapema, inachafua pakiti kwa ndani, na mwenye duka anakurudishia. Isiyo na mafuta mengi inakaa.

Unapunguzaje mafuta?

- Kata vipande vyenye unene sawa, milimita 1.5 hadi 2. Vyembamba kupita kiasi vina uso mkubwa wa kunywa mafuta.
- Osha wanga wa juu, halafu kausha vipande kabla ya kukaanga. Kipande chenye maji mengi kinanywa mafuta mengi, na kinapoza karai.
- Hakikisha mafuta yamefika nyuzijoto 160 hadi 180 ndipo uweke. Nunua kipimajoto cha mafuta, kitarudisha pesa yake. Mafuta yakiwa ya vuguvugu krispi zinaloa badala ya kukauka.
- Weka kidogo kidogo. Ukijaza karai, joto linashuka, unarudi kulekule.
- Chuja zikiwa bado za moto sana, tikisa kwenye chekecheo. Mafuta mengi yanaingia ndani wakati krispi inapoa, kwa hiyo sekunde zile za kwanza ndizo zenye faida.

Mafuta gani utumie? Alizeti ina mafuta machache yenye asili ya kuganda, karibu asilimia 11, na kwa moyo ni afadhali. Mawese yana karibu asilimia 50. Ila alizeti haivumilii kukaangiwa mara nyingi, inaharibika mapema. Mawese yaliyosafishwa yanavumilia zaidi na bei yake mara nyingi ni nafuu. Ukichagua alizeti, ubadilishe mapema. Ukichagua mawese, usiandike "nzuri kwa moyo." Na mafuta yoyote yakiwa meusi, mazito, yakitoa povu au moshi kabla ya muda wake, yamwage. Kuongeza mapya juu ya mabovu ni kuharibu yote.

Chumvi na rangi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ikiwemo ile ya kwenye mboga. Ukiweka gramu 15 za chumvi kwa kilo ya krispi, pakiti ya gramu 40 ina chumvi gramu 0.6. Ukiweka gramu 30, inakuwa gramu 1.2, karibu robo ya siku nzima kwenye kitafunwa kimoja. Na mtoto anahitaji chini ya hapo. Acheni kumwaga chumvi kwa kiganja. Pimeni kwa mizani kila mkaango, mteja apate ladha ileile wiki hii na wiki ijayo. Ukitaka ladha kali, tumia pilipili, ndimu ya unga, kitunguu saumu au binzari. Tumia chumvi yenye madini joto.

Rangi ya krispi iwe ya dhahabu hafifu. Ikienda kahawia, umeiunguza. Vyakula vya wanga vikikaangwa kwenye joto kali vinatengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo wataalamu wa afya wanashauri tuipunguze kadiri inavyowezekana. Kipande kilichoungua kisiingie kwenye pakiti. Kama vipande vingi vina madoa ya kahawia hata kabla ya kukaanga, rudi shambani, huenda una ugonjwa wa michirizi kahawia na tatizo lako ni mbegu.

Je, krispi inaweza kuongezewa lishe kweli?

Inaweza, na naona hapa ndipo penye nafasi ya biashara kwa kijana anayetaka kujitofautisha.

Njia rahisi ni ile ya babu zetu: rudisha muhogo kwa mwenzake. Funga pakiti yenye gramu 30 za krispi na gramu 20 za karanga. Nguvu itakuwa kama kilokalori 270, haijapanda sana ukilinganisha na krispi tupu gramu 50. Lakini protini imetoka gramu 1 hadi karibu gramu 6. Mafuta bado yapo, maana karanga nazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ila mengi ni ya aina nzuri. Hapo ukisema pakiti yako ina protini zaidi ya krispi ya kawaida, unasema kweli.

Angalizo mbili. Karanga zilizolowa au zenye ukungu zinabeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Nunua zilizokaushwa vizuri, chambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Pili, kuna watu karanga zinawadhuru vibaya sana, kwa hiyo neno "karanga" liandikwe kwa kuonekana.

Njia nyingine ni kutengeneza donge la unga wa muhogo na unga wa soya au kunde, kusukuma, kukata na kukaanga. Hiyo inahitaji majaribio na mashine, SIDO wanaweza kukuelekeza. Nigeria tangu mwaka 2011 wana mbegu za muhogo wa njano wenye viini vya vitamini A. Muhogo wetu mweupe hauna vitamini A ya kutajwa, hivyo usimnakili wa Nigeria kwenye lebo yako.

Lebo: sema kilicho kweli

Maneno unayoweza kuandika bila kuona aibu:

- "Imetengenezwa kwa muhogo wa Tanzania." Kama ni kweli, taja na wilaya.
- "Haina ngano." Muhogo hauna gluteni, na kuna wateja wanaoitafuta bidhaa ya aina hiyo. Lakini kama karai hilohilo unakaangia maandazi, usiandike.
- "Hatujaongeza sukari." Hii ni tofauti na "haina wanga."

Maneno ya kufuta:

- "Inafaa kwa wenye kisukari." Muhogo ni wanga, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari kwenye damu. Mgonjwa akiamini lebo yako akala pakiti tatu, sukari yake inapanda na wewe umeshiriki. Mwenye kisukari anapangiwa chakula na mtaalamu wake wa afya.
- "Inatibu" au "inazuia" ugonjwa wowote. Chakula hakiuzwi kama dawa.
- "Haina lehemu," kana kwamba ni ubunifu wako. Hakuna chakula cha mmea chenye lehemu ya kutajwa. Mteja anayejua atakucheka, na asiyejua atadhani haina mafuta.
- "Lishe kamili kwa watoto." Mmeshaona ile gramu 1 ya protini.

Halafu yale ya lazima: jina la bidhaa, viambato vyote kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anuani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya mkaango. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko TBS, siyo tena ile mamlaka ya chakula na dawa ya zamani, kwa hiyo usizungushwe na mtu anayekuuzia fomu za zamani. Anzieni SIDO, watawasaidia wajasiriamali wadogo kwenye njia ya kuelekea alama ya ubora.

Na pakiti yenyewe: ile ya plastiki nyepesi inayoonyesha ndani, ikining'inizwa juani mbele ya genge, inachachisha mafuta ndani ya siku chache. Tumia pakiti nzito isiyopitisha mwanga, ziba vizuri, na mwambie muuzaji aweke kivulini.

Kabla ya mkaango wako unaofuata

Wiki hii fanya vitu vinne tu. Pima mafuta kabla na baada ya kukaanga ili ujue kilo moja ya krispi zako inakunywa kiasi gani. Pima chumvi kwa mizani. Andika jina la mbegu na shamba la kila mzigo kwenye daftari. Na chukua lebo yako, kata kila neno ambalo huwezi kulitetea mbele ya mama mwenye mtoto mkononi.

Ukishafanya hivyo, mteja akikuuliza krispi yako ina faida gani, mjibu hivi: "Ni kitafunwa cha kukupa nguvu, tumekikaanga kwa mafuta safi na kidogo, muhogo wake naujua shamba lake. Kula na karanga au na maziwa, itakufaa zaidi." Jibu hilo halihitaji kulindwa na mtu, na mteja akirudi mara ya pili atakuta ni lilelile.

Kazi njema, na mvua zikianza msisahau kuchagua mbegu safi.